Mwonja Raha

Palikuwa na nchi moja, na ipo mpaka leo, ambayo jina lake sitalitaja, kwa sababu kulitaja kunataka kibali na ofisa wa vibali yuko likizo. Ni nchi nzuri. Nasema hivyo kwa hiari yangu, hakuna aliyenishika mkono. Katika nchi hiyo hakuna jambo lililoanza kabla Mtukufu Mkuu wa Nchi hajalianza yeye. Watu hawakucheka mpaka acheke, hawakupiga makofi mpaka apige. Hata ile methali ya wazee, kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, ilipelekwa bungeni ikafanyiwa marekebisho, ikapita kwa kura zote, zikiwemo za wabunge waliokuwa wamelala: kilio huanza Mtukufu, ndipo mfiwa akaingia. Na kwa kuwa Mtukufu hakuwa amelia tangu aapishwe, misiba ya nchi ile ilikuwa mikavu na yenye utaratibu mzuri sana. Wageni walitusifu. Nilitaka kusema, waliwasifu.

Jambo lisiloanzwa na Mtukufu lilikuwa la aina moja tu, nalo ni lile linaloweza kumdhuru. Hilo lilikuwa na mtu wake. Chakula chake kilikuwa na mwonjaji, viti vyake vilikuwa na mtu wa kuvikalia kwanza, na mapumziko yake yalikuwa na Bi Sikudhani Mbaruku, Mwonja Raha wa Taifa.

Sikudhani alikuwa mama wa makamo kutoka bonde la mpunga, na kazi hiyo hakuiomba. Zamani alikuwa mpika chai katika ofisi ya wilaya. Siku Mtukufu alipokuja kuhutubia, hotuba ikapita adhuhuri ikaelekea alasiri, usingizi ukamchukua Sikudhani palepale, amesimama, birika mkononi. Askari wakamwamsha kwa kitako cha bunduki. Kwa woga akasema neno la kwanza lililomjia: "Hotuba iliniliwaza." Wakamchukua hobelahobela. Alidhani anapelekwa jela, kumbe anapelekwa kukandwa mgongo. Ama kweli riziki haina mjuzi.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Kila raha iliyoandaliwa kwa ajili ya Mtukufu, Sikudhani aliingia kwanza. Kama ni bwawa, alielea yeye. Kama ni kukandwa, alikandwa yeye. Kisha Daktari wa Raha alimwinamia na kumuuliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Una raha?" Naye akajibu, "Nina raha." Kengele ikapigwa, Mtukufu akaingia.

Mwaka wa kwanza aliifurahia, nani asingefurahia? Lakini mtu akiogeshwa maziwa kila mara, ngozi nayo huchoka kushangaa. Kidogo kidogo mwili ukamfa ganzi, ukafuatia moyo. Mumewe alimwacha, akisema hawezi kuishi na mwanamke ambaye hata akiungua mkono kwa sufuria anasema nina raha. Sikudhani alipopewa talaka yake aliitazama, akaikunja, akaenda kuonja kiti kipya cha kubembea.

*

Basi ukaja Mwaka wa Taifa wa Kupumzika. Waziri wa Mapumziko, Mheshimiwa Profesa Mfaume Kitwana, mtu mwenye kitambi cha heshima na sauti ya kuombea kura, alisimama uwanjani akasema:

"Ndugu wananchi, mmechoka! Serikali yenu sikivu imeliona hilo. Na kwa kuwa haiwezekani wote mkapumzika, maana nani atafanya kazi, Mtukufu ameridhia kujitoa mhanga. Atapumzika yeye, kwa niaba yenu! Atalala, mtaamka mmepona!"

Watu walisubiri Mtukufu apige makofi. Alipopiga, walipiga mpaka viganja vikawasha.

Nchi iliyochaguliwa ni Suvanara, kule Asia ya joto, penye minazi inayoinamia maji na hoteli ambazo hata majani yake hupigwa pasi. Msafara ulijaza ndege. Redio ya Taifa nayo ilikwenda, ili itangaze mapumziko moja kwa moja na wananchi wapate sehemu yao. Sheria ikatoka kwamba nyumba yenye redio isiizime mpaka Mtukufu atakaporudi, kwa kuwa kuzima redio ni kumkata Mtukufu kauli.

Na Daktari wa Raha alikuwa Daktari Nyangasa. Huyu alikuwa daktari pekee wa wilaya ya kina Sikudhani mpaka alipopandishwa cheo. Hospitali aliifunga kwa kufuli, na mlangoni pakabandikwa karatasi: *Tumepumzika.*

*

Mbele ya hoteli wasichana wa Suvanara waliwavika mashada ya asumini na kuwanywesha maji ya madafu. Sikudhani alivikwa na kunyweshwa kwanza. "Una raha?" "Nina raha." Kengele. Akalazwa juu ya meza ya mkeka, akapangiwa mawe ya moto mgongoni tangu shingoni mpaka kiunoni, huku mtangazaji akinong'ona kwenye kipaza sauti, "Sasa wananchi, jiwe la tatu linatua. Naam, limetua!" Kule nyumbani watu wakajinyoosha migongo.

Alikuwa bado anatoka mvuke simu yake ilipolia ndani ya joho la taulo. Alikuwa Bi Zena, jirani wa mama yake, mwanamke asiyejua kusema polepole.

"Sikudhani! Mama yako kifua kimembana, tangu juzi hali chakula. Hospitali imefungwa, tumepiga hodi mpaka mikono imetutoka malengelenge. Anakutaka wewe. Haya, zungumza naye."

Ikasikika pumzi inayokwaruza, kisha sauti ya Bi Asumini, mama yake. Mwanamke huyo aliinama katika mpunga maisha yake yote, mpaka mgongo ukasahau njia ya kusimama.

"Nimekusikia kwenye redio," alisema. "Wamekuwekea mawe. Mawe, mwanangu! Huku kwetu mtu akikutupia mawe si unamshitaki?"

"Ni ya kukanda, mama."

"Haya. Kila nchi na wazimu wake." Akakohoa kwa muda mrefu. "Una raha lakini?"

"Nina raha, mama."

Neno lilimtoka lenyewe kabla hajalifikiria, kama mlango ulioachwa bila komeo. Akataka kulirudisha, lakini mama yake alikwisha kulipokea.

"Alhamdulillahi. Basi njoo unione. Si kwa ubaya. Miche imekua kitaluni, inapita urefu, na mgongo umekataa katakata. Njoo unipandie hata jaruba moja nikikutazama. Usichelewe, Sikudhani, sina muda wa kukusubiri sana."

Simu ikakatika. Sikudhani alibaki ameishika, akangoja moyo umuume, nao haukumuuma. Hilo ndilo lililomtia hofu. Mama yake alikuwa anakufa, yeye anajua anakufa, na ndani yake mlikuwa kimya kama ofisi siku ya Jumapili.

*

Alimkuta Waziri Mfaume bwawani. Mheshimiwa alikuwa anaelea, na mbele yake pakielea sinia la kiamshakinywa: mapapai yaliyochongwa maua, mayai, na embe la kulia kijiko cha dhahabu. Kila alipoliegemea, sinia lilimkimbia, naye alilifuata kwa subira ya kiongozi.

"Mheshimiwa, shikamoo. Naomba ruhusa nirudi nyumbani. Mama yangu mgonjwa."

"Marahaba, Bi Sikudhani. Unaomba likizo?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Hebu nikuulize. Hivi sasa uko wapi?"

"Niko likizoni, mheshimiwa."

"Mtu anaombaje likizo akiwa likizoni?" Waziri alicheka kwa upole, kama mwalimu na mtoto mzito wa hesabu. "Likizo ndani ya likizo ni ubadhirifu wa mali ya umma! Watu wamefungwa kwa hilo. Mimi mwenyewe nimewafunga." Akalikosa embe. "Mama ana redio?"

"Anayo."

"Basi yuko pamoja nasi. Mwambie aongeze sauti."

Sikudhani hakubisha. Mwenye nguvu mpishe, na pasi za kusafiria zilikuwa zimefungiwa katika kasha la Waziri. Akaenda kwa Daktari Nyangasa, aliyekuwa kivulini akikunja taulo.

"Daktari, unamkumbuka Bi Asumini? Kifua."

Daktari Nyangasa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na waoga tunawajua, tunaamkiana nao kila siku kwenye kioo. "Dawa yake ipo," alisema akitazama chini. "Ipo tele. Kabatini kule." Akatoa mfukoni ufunguo wa chumba chake cha hoteli, na kwenye pete ileile ulining'inia ufunguo mwingine, mkubwa, wenye kutu. Ulikuwa wa hospitali ya wilaya. "Nilisahau kuuacha," akasema.

Wakautazama wote wawili. Kisha Daktari akaurudisha mfukoni, kwa sababu Waziri alikuwa anaita taulo.

*

Njia ilikuwa moja tu ya kurudi nyumbani, na kila mwonja aliijua. Zamani ilitosha kulalamika. Lakini mwonja aliyemtangulia Sikudhani alilalamika kwa uongo kwamba maji ya bwawa ni baridi, kumbe alitaka kuwahi harusi ya bintiye. Tangu hapo malalamiko ya mdomo yalifutwa, yakabaki machozi. Mwonja akidondosha chozi la kweli na akakiri kwamba hana raha, jambo lile linapigwa marufuku na yeye anapandishwa ndege siku hiyohiyo, asije akawaambukiza wengine huzuni.

Kwa hiyo kilichohitajika ni chozi. Moja tu. Mtu ambaye mama yake yuko kitandani anashindwaje kutoa chozi? Nawauliza ninyi mnaolia hata kwa tamthilia.

Alianza kesho yake, kwenye beseni la samaki wadogo wanaodonoa nyayo. Ni raha kubwa, wanasema, samaki wanakula ngozi iliyokufa. Alipotumbukiza miguu samaki walimjia kwa wingi usio wa kawaida, maana ngozi iliyokufa ilikuwa nyingi. Sikudhani akafumba macho, akamkumbuka marehemu baba yake siku anatolewa ndani kwenye jeneza. Kavu. Akakumbuka talaka. Kavu. "Una raha?" aliuliza Daktari. Akafunua mdomo aseme hapana, ulimi ukateleza kwenye njia yake ya miaka yote. "Nina raha." Kengele ikalia, Mtukufu akaja kudonolewa.

Kwenye kinyago cha uso cha unga wa dhahabu, alijifinya paja chini ya shuka mpaka pakavilia damu. Alihisi kama anamfinya mtu mwingine, tena mtu asiyemfahamu. Kwenye darasa la kupika wali wa nazi, ambako mawaziri walifundishwa kukuna nazi na wakaomba mapumziko katikati, aliiba kitunguu akakisugulia machoni. Machozi yakatoka, loo, yakatiririka! Lakini Daktari Nyangasa, kwa kuwa Waziri alikuwa amesimama nyuma yake, ilimbidi anuse vidole vya mwonja.

"Kitunguu," alisema kwa huzuni.

"Bi Sikudhani!" Waziri Mfaume alipaza sauti. "Machozi ya kughushi? Ukiwa umevaa taulo la taifa?"

Bi Zena aliendelea kupiga simu. Mama leo amekunywa uji kijiko kimoja. Mama leo amekataa uji. Mama anauliza umefika wapi. Sikudhani alijibu njiani, Bi Zena, niko njiani, mwambie. Kisha alienda kulazwa kwenye bembea ya kamba kati ya minazi miwili, akawa anabembea, kavu kama ukuti. Mtangazaji akawaambia wananchi kwamba hajawahi kuona mtu aliyetulia kiasi kile.

*

Hoteli ile ilikuwa na raha moja ambayo iliachwa iwe ya mwisho kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya kifahari kuliko zote. Waliiita Siku ya Mkulima. Mgeni alivalishwa kofia ya ukindu na glavu nyeupe, akapelekwa kwa kiti cha kubebwa mpaka kwenye majaruba yaliyojaa maji nyuma ya hoteli, akapewa mche wa mpunga. Aliupanda. Kisha alioshwa miguu kwa maji ya waridi, akapigwa picha akiwa amechoka. Watu walitoka mabara ya mbali kuja kuchoka pale.

Waziri wa Kilimo, aliyekuwa amesimama kwenye tuta chini ya mwavuli, aliangalia ile miche akavutiwa sana. "Haya ni majani gani?"

"Mpunga, mheshimiwa," akajibiwa.

"Huu huu wa wali?" Akavua miwani. "Kumbe huwa unaanzia chini!"

Sikudhani akaingia kwanza, kama kazi ilivyotaka. Alivua glavu. Alipotia mguu, tope likapanda vuguvugu kati ya vidole, likamshika kifundo, na mwili wake ambao ulikuwa haujui tena jiwe la moto wala kinyago cha dhahabu ulilijua tope lile. Akainama bila kuambiwa. Mkono wa kushoto ukakumbatia fungu la miche, wa kulia ukachomoa mmoja, kidole gumba kikautuliza chini. Na hapo akamsikia mama yake, si wa kwenye simu, bali yule wa zamani mwenye mgongo ulionyooka, akimwambia mtoto aliyesimama ndani ya maji hadi magotini: Usiukabe, we mtoto. Bonyeza kidogo, halafu uache upumue.

Akapanda wa pili. Wa tatu hakuuona, maana macho yalikuwa yamejaa.

Alilia. Alilia kwa sauti ya bondeni, ile inayoanzia tumboni na haiombi kibali kwa mtu. Alimlilia mama yake, akamlilia baba aliyezikwa kikavu, akaililia hata ile talaka. Ganzi ikawa inamtoka kama inavyotoka kwenye mguu uliokaliwa, kwa maumivu na kuwashawasha, na kila ilipotoka alizidi kuwa mwepesi. Bata wa Suvanara wakakimbia jarubani.

Daktari Nyangasa aliruka topeni na viatu vyake. Akachota chozi kwa ncha ya kidole, akalionja, akanusa vidole vya mwonja, akakuta tope tupu. "Ni la kweli!" alipiga kelele, na furaha yake alishindwa kuificha. "Mheshimiwa Waziri, ni la kweli! Mpandisheni ndege!"

Waziri Mfaume alinuna, lakini utaratibu ni utaratibu. Akaagiza kasha la pasi liletwe. Sikudhani aliliona linakuja juu ya tuta, limebebwa na mlinzi, akaanza kucheka na kulia pamoja. Anakwenda nyumbani. Kesho yuko kitandani kwa mama. Keshokutwa anapanda ile miche, mama akiwa kwenye kiti anamkosoa.

Kilikuwa kimebaki kipengele kimoja, cha kukamilisha tu. Daktari akamwinamia, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, kama kawaida:

"Una raha?"

Na Sikudhani, aliyekuwa amefunguka moyo kwa mara ya kwanza baada ya miaka, aliyekuwa mwepesi, anayekwenda kwa mama yake, akajibu:

"Nina raha."

Sikudhani alijiziba mdomo kwa kiganja chenye tope. Daktari alifumba macho. Mpiga kengele hakuwa mtu wa kufikiri, na hakuajiriwa kwa ajili hiyo. Akapiga kengele.

*

Mtukufu alishuka kwenye kiti chake cha kubebwa, akaja mpaka ukingoni. "Ni nini hicho kinachomtoka?"

Waziri Mfaume alipiga goti topeni. "Machozi, Mtukufu. Yameonjwa. Ni salama, na yana raha."

"Nami nitayataka."

Akaingia jarubani, akainama, akapanda mche mmoja, kichwa chini mizizi juu. Hatujui alikumbuka nini, na si kazi yetu kujua. Ila alilia. Akalia Makamu, wakalia mawaziri kwa kufuata vyeo, wakalia makatibu, akalia Waziri wa Kilimo akiwa amekumbatia majani ya wali. Mtangazaji alilia kwenye kipaza sauti. Na kwa kuwa Mtukufu alikwisha kuanza, nchi nzima huko nyumbani iliruhusiwa kuingia, na watu waliokuwa na misiba ya miaka wakatoka milangoni wakalia barabarani mpaka magari yakasimama.

Jioni Mtukufu alitangaza kwamba hajawahi kupumzika namna ile. Kulia kukawekwa kwenye ratiba, kila asubuhi baada ya chai. Na kwa kuwa machozi ya leo si machozi ya jana, na yanaweza kuja na madhara, Bi Sikudhani alipandishwa cheo akawa pia Mwonja Kilio wa Taifa. Kasha la pasi likarudishwa mahali pake.

Simu ikalia. Bi Zena, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, aliongea polepole.

"Ametutoka, Sikudhani. Tumekwisha kumzika, usingewahi hata hivyo. Alikuwa amelala, redio ikaanza kulia. Akafungua macho, akaniuliza, nani amekufa? Nikamwambia sijui, bibi, nchi nzima inalia. Akasikiliza. Akasema, hebu msikie Sikudhani, yule ndiye aliyeanza, sauti yake naijua. Kisha akasema, basi, yule aliyekuwa njiani ameshafika. Akageukia ukutani."

"Ndiyo," alisema Sikudhani.

"Unanisikia lakini?"

"Nakusikia, Bi Zena. Ahsante."

Akaweka simu juu ya taulo lililokunjwa umbo la bata, akakaa.

*

Asubuhi walimpeleka jarubani aonje kilio. Akasimama ndani ya tope. Msafara wote ulikuwa ukingoni, leso mikononi, na Mtukufu alikuwa ameshanywa chai. Sikudhani akainama, akapanda mche, akapanda wa pili. Hakuna kitu. Wakamwambia amfikirie mama yake. Akamfikiria. Wakaruhusu kitunguu, ambacho sasa kilikuwa halali, wakaruhusu na pilipili. Macho yalikuwa mekundu na makavu kama matofali.

"Una raha?" Daktari alinong'ona.

Sikudhani alimtazama kwa muda. Ulimi haukuteleza safari hii. Haukwenda popote.

Kilio kilikuwa na kanuni yake mpya: mwonja aliyeshindwa kukionja hurudishwa nyumbani. Hivyo aliyekataliwa ndege alipolia aliipata aliposhindwa kulia, na wanasheria wetu wanasema hapo hakuna mgongano wowote. Nafasi yake ilipewa Waziri Mfaume mwenyewe, kwa muda. Alionyesha kipaji kikubwa. Ilitosha akifikirie kiti chake cha uwaziri.

Wakati Sikudhani anapanda gari la kwenda uwanja wa ndege, Daktari Nyangasa alimpa mkono wa kwaheri, na ndani ya mkono mlikuwa na ufunguo wenye kutu.

*

Kwao alifika mchana. Alipita kitaluni kwanza: miche ilikuwa imerefuka, imelala ubavu, ncha zimekuwa manjano. Kisha akaingia uani. Wanawake wa bonde walikuwa wamekaa mikekani, miguu imenyooshwa, kanga zimefunika vichwa. Walimsogezea nafasi. Hakuna aliyelia. Walikuwa wanamngoja yeye, kwa sababu methali ya zamani bado waliikumbuka, ingawa si kwa sauti.

Dirishani redio ilikuwa inatangaza. "Sasa wananchi," alisema mtangazaji, "Mtukufu analia kwa jicho la kulia. Mnaombwa mtulie nyumbani, muwe wakavu, analia kwa niaba yenu."

Sikudhani alisimama, akaenda dirishani, akaizima.

Ukimya ulioingia pale haukuwa wa kawaida. Mama mmoja alishika kifua. Sikudhani alirudi mkekani, akakaa, akauweka ule ufunguo mbele yake, mikono juu ya mapaja. Wakamtazama. Alingoja, nao wakangoja. Hakikuja kitu.

"Aliniuliza kama nina raha," alisema hatimaye, kwa sauti isiyo na chochote ndani. "Nikamwambia ninayo."

Bi Zena ndiye aliyeanza. Wakafuata wengine wote, mkeka kwa mkeka, mpaka nyumba ya tatu wakasikia, na katikati yao Sikudhani amekaa wima, macho makavu, akiwatazama wanavyolia kama mtu anayejaribu kukumbuka njia.

Hivyo ndivyo sheria ya kilio ilivyovunjwa mchana kweupe na kundi la akina mama. Mimi sikuwepo, jamani. Na kama ningekuwepo, nilikuwa nasikiliza redio.